Zamu ya Zeta Ni Mchana wa Voi

Mjomba wangu ni dereva wa basi la usiku, Nairobi–Mombasa, na siku zake za kupumzika analala kwetu Voi. Sababu moja ni kwamba Voi iko njiani. Sababu nyingine ni kwamba mamangu anampikia kimanga. Novemba moja aliamka mchana, akanikuta sebuleni na laptopu, akasimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Kwenye skrini kulikuwa na barabara. Imenyooka, mchanga kushoto, mchanga kulia, usukani chini. Kwenye kisanduku cha pembeni kulikuwa na mzungu mwenye macho mekundu ameshika pedi ya gemu, na mwenzake akimlisha biskuti.

"Hii ni nini?"

"Ni gemu, mjomba. Ya kuendesha basi."

"Linaenda wapi?"

"Las Vegas. Masaa manane."

"Abiria wangapi?"

"Hakuna. Liko tupu."

Akanywa chai kidogo. "Basi hilo si basi. Hilo ni gari linapelekwa gereji."

Nilikuwa nimetafuta kwa muda mrefu namna ya kuandika kuhusu hawa watu, na kila nikianza nilijikuta naeleza teknolojia. Mjomba alimaliza kazi kwa sentensi mbili. Kwa hiyo naanzia hapo alipoanzia yeye, kwenye basi tupu.

LoadingReadyRun ni kundi la vichekesho la mji wa Victoria, British Columbia, Kanada. Lilianzishwa mwaka 2003 na Graham Stark na Paul Saunders, miaka miwili kabla YouTube haijazaliwa. Kwa miaka mingi kazi yao ilikuwa moja: kila Jumatatu, kichekesho kimoja kifupi kilichoandikwa, kikaigizwa, kikakatwa. Baadaye wakahamia Twitch, na siku hizi wanachofanya zaidi ni strimu za moja kwa moja. Kuna ratiba ya wiki nzima, kila kipindi na siku yake na watu wake: gemu za kutisha hapa, gemu mbovu pale, kadi za Magic, michezo ya mezani. Watu wawili watatu wanakaa kwenye kochi au mezani, mmoja anacheza, wengine wanapiga mdomo, na chati inateremka pembeni kama mvua ya Wundanyi, ndogondogo lakini haikomi.

Niliwapata mwaka ule nilioacha chuo. Sina hadithi ndefu ya kuacha chuo. Karo ilikuwa na pengo, pengo likawa muhula, muhula ukawa mwaka wa pili wote, nikarudi Voi na begi moja. Kitu ambacho hakuna mtu anakuambia kuhusu kurudi nyumbani ni kwamba unapoteza ratiba. Chuoni hata kama huendi darasani, unajua ni darasa gani hauendi. Voi, Jumanne ni kama Alhamisi. Upepo unavuma kutoka upande wa Tsavo, vumbi linaingia ndani, unafagia, linaingia tena. Kwa hiyo nilipoona kwamba kuna watu mahali fulani duniani wameandika kwenye ukurasa wao, siku hii tunafanya hivi, siku ile vile, nilishika hiyo ratiba kama mtu aliyepewa barua ya kazi. Niliikopi kwenye karatasi, nikabadilisha masaa kuwa ya hapa, nikaibandika ukutani. Victoria iko nyuma yetu masaa kumi, na mwaka ule walipokuwa wakirudisha saa zao nyuma kuelekea baridi yalikuwa kumi na moja. Strimu yao ya mchana ni usiku wetu wa manane.

Kwetu kichekesho cha kila wiki si kitu kigeni. Watu wa umri wa mamangu walikuwa na Vitimbi kwenye KBC, na Mzee Ojwang', ambaye jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau na alifariki mwaka 2015, alikuwa mgeni wa sebule za nchi nzima kwa siku maalumu na saa maalumu. Mamangu bado anajua walikuwa wanapika nini Vitimbi ikianza. Sisi tukakulia kwenye vichekesho vya simu. Dakika mbili, tatu, mtu mmoja amevaa leso akiigiza mama yake, au kundi kama lile la Crazy Kennar lililoanzia kwa wanafunzi wa JKUAT. Ni vikali, vimekatwa vizuri, vinafika hadi wapsapu ya shangazi. Lakini havina siku. Vinakuja vinapokuja. Unacheka, unatuma kwa mtu, unasahau, na algorithimu inakuletea kingine cha mtu mwingine. Huwezi kumngojea mtu ambaye hajakuambia atakuja saa ngapi.

Sasa niseme ukweli wa mkosoaji: strimu nyingi za LoadingReadyRun, ukizipima kama vichekesho, ni dhaifu. Masaa mawili au matatu, na ndani yake labda dakika kumi na tano ambazo ningemwonyesha mtu. Linganisha na Crapshots, vichekesho vyao vifupi sana ambavyo vingine havizidi nusu dakika, ambavyo havina neno la ziada. Mlango unafunguliwa, mtu anasema kitu, kimekwisha. Hao ni waandishi. Kwenye strimu hao hao wanajikuta wanasoma menyu ya gemu kwa sauti, wanauliza kama maikrofoni iko sawa, wanaeleza tena utani wa miaka sita iliyopita kwa mtu mpya kwenye chati ambaye hakuuliza. Usiku wa kadi za Magic mimi hulala tu. Nimejaribu. Kuna gemu ambazo unaweza kuzifuata bila kuzijua, kama draft wanayocheza wazee chini ya mti, lakini kadi zenye maandishi madogo kwenye skrini yangu zimenishinda.

Na skrini yangu ni sehemu ya ukosoaji huu, siwezi kujifanya sivyo. Strimu ya ubora mzuri inakula zaidi ya gigabaiti moja kwa saa. Kwa bando ninazomudu mimi hutazama kwenye kiwango cha chini kabisa, 160, ambacho kinakula kama megabaiti mia moja. Kwenye 160 uso wa mtu ni unga wa chapati. Unajua Graham kwa kimo na sauti. Kwa hiyo mimi, kwa miaka hii yote, nimewasikiliza zaidi kuliko kuwaona, na nimegundua kwamba hapo ndipo walipo hodari. Sauti ya mtu anayecheka nje ya kamera, upande wa pili wa chumba, kwa sababu alikuwa anafanya kazi nyingine na amesikia kitu. Kichekesho kilichoandikwa hakina mtu huyo. Kila anayecheka kwenye kichekesho kilichoandikwa amelipwa au amewekwa.

Kipindi chao ninachokipenda ni Watch and Play, ambapo wanacheza gemu mbovu au za ajabu ambazo hakuna mtu mwingine angezigusa. Ni rahisi kumcheka mtu aliyetengeneza kitu kibaya. Wao, siku wakiwa vizuri, wanafanya jambo gumu zaidi: wanajaribu kuelewa. Wanauliza, huyu aliyetengeneza hii alitaka mlango huu ufanye nini? Kwa nini huyu mhusika anarudia neno hili? Wanakipa kitu kibovu masaa mawili ya umakini ambayo hata gemu nzuri hazipati, na kicheko kinatoka mle ndani ya umakini. Sikusomea fasihi hadi mwisho. Kusoma kazi mbaya kwa subira nimejifunza hapo, na magazeti mawili matatu yanayonilipa kidogo kwa uhakiki yanafaidi elimu hiyo bila kujua ilitoka wapi.

Let's Nope, ya gemu za kutisha, ni ya pili kwangu. Mmoja anacheza, mwenzake yuko kando, na utani wote unatoka kwenye swali moja: nani ataingia kwenye hicho chumba? Hiyo inafanya kazi kwa lugha yoyote. Mdogo wangu ambaye Kiingereza chake ni cha darasani alitazama pamoja nami usiku mmoja na akaanza kumfokea mtu wa Kanada kwa Kidawida.

Hapo nikakumbuka DJ Afro, na nadhani huwezi kuelewa strimu za gemu kutoka hapa ulipo bila kupitia kwake. Kwa wasiojua, kama wapo, DJ Afro Amigos ni yule jamaa anayechukua filamu ya Wachina, ya Wahindi, ya Marekani, na kuifunika kwa sauti yake kwa Kiswahili na sheng. Anatafsiri anachotaka, anaongeza asichotafsiri, anawapa waigizaji majina mapya, anawatukana wabaya kabla hawajaonyesha ubaya. Hayuko peke yake: Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana vijei kama VJ Jingo, na vibanda vya video vya Afrika Mashariki nzima vimeishi kwa sauti hizo. Niliona filamu ya Jackie Chan kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha mabati karibu na stendi, na kwa miaka niliamini Jackie Chan ana deni la mtu fulani Kariobangi.

Ukitazama kwa haraka, DJ Afro na mstrimu wa gemu wanafanya kitu kimoja: sauti ya mtu mmoja juu ya picha za mtu mwingine. Lakini DJ Afro anajua filamu inakwenda wapi. Kazi yake ni kukutangulia hatua moja na kukuambia tulia, huyu atakufa. Ni nguvu ya mjomba aliyefika mjini kabla yako. Mstrimu hajui. Ameingia chumba kile kile na wewe, kwa wakati ule ule, na ukimuuliza nini kiko nyuma ya mlango atakuambia hata yeye anaogopa. DJ Afro anakuondolea ujinga wako, na hawa wanakaa nao pamoja nawe. Kwangu mimi, mwaka ule, watu ambao hawakujua kinachofuata walikuwa nafuu kidogo kuliko watu waliojua.

Mwaka uliofuata tukajaribu yetu. Tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa anasimamia kibanda cha PS mtaani, mbao kwa mechi. Tulitengeneza ratiba, bila shaka. Jumatatu mpira, Jumatano GTA San Andreas, Ijumaa "gemu ya babu", yaani chochote cha zamani tulichokipata kwenye hard disk ya mtu. Niliandika kwa kalamu nyekundu na tukaipiga picha. Kamera ilikuwa simu imefungwa na mpira wa manati kwenye nondo ya dirisha.

Ilidumu wiki tano. Watazamaji wengi zaidi tuliowahi kupata kwa mpigo ni kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa mimi kwenye simu nyingine, kuangalia kama sauti inatoka. Ningependa kulaumu stima, na stima ilipotea kweli, Jumatano mbili mfululizo. Ningependa kulaumu bando. Lakini nimezirudia zile rekodi na tatizo linasikika dakika ya kwanza. Tunapiga kelele. Tulidhani strimu ni kelele. Gemu likipakia, dakika nzima ya skrini nyeusi, tunapanda juu ya viti kujaza hiyo dakika, tunapiga meza, tunacheka vitu ambavyo hakuna aliyevisema. Wateja halisi wa PS, vijana wa darasa la saba waliokuwa wanangoja zamu nyuma yetu, walikuwa wachekeshaji kuliko sisi. Kuna mahali mmoja anasikika akisema polepole, "Hawa wamekula nini?" na hiyo ndiyo kauli bora ya wiki zote tano, na sisi tunaifunika kwa mayowe.

LoadingReadyRun wanajua kunyamaza. Si kwa sababu ni Wakanada. Nimewasikia Wakanada wengine. Wamefanya kazi pamoja miaka ishirini na hawaogopani. Mtu anaweza kusema kitu kisichochekesha na kikaanguka sakafuni na wenzake wakakiacha hapo. Huwezi kununua hicho. Tulihitaji miaka na tulikuwa na wiki tano, halafu msimamizi wa kibanda akapata kazi Mombasa, mwingine akaoa, mimi nikabaki na picha ya ratiba.

Turudi kwa basi.

Desert Bus ni gemu ndogo ndani ya gemu iliyotengenezwa kwa ajili ya wanamazingaombwe wa Marekani Penn na Teller, iliyopaswa kutoka mwaka 1995 kwenye mashine ya Sega CD na haikutoka kamwe. Nakala ilivuja miaka kadhaa baadaye. Ilikuwa kejeli: wakati ule wanasiasa Marekani walikuwa wanalia kwamba gemu zinawafundisha watoto ukatili, kwa hiyo hawa wakawapa gemu isiyo na ukatili hata chembe. Unaendesha basi kutoka Tucson hadi Las Vegas. Kasi ya juu kabisa ni maili 45 kwa saa, yaani kama kilomita 72. Safari ni masaa manane, masaa halisi, ya saa ya ukutani. Huwezi kusimamisha gemu ukaenda msalani. Huwezi kufunga usukani na kitu ukatoka, kwa sababu basi linavuta kidogo upande wa kulia muda wote. Hakuna abiria, hakuna magari mengine. Baada ya masaa mengi mdudu mmoja anagonga kioo. Ukifika unapewa pointi moja, halafu unaweza kuanza kurudi. Ukitoka barabarani, injini inazima na basi linavutwa hadi Tucson, kwa masaa halisi pia.

Mwaka 2007 LoadingReadyRun waliamua kuicheza mfululizo na kuomba watu wachangie Child's Play, shirika linalopeleka gemu na vitu vya kuchezea kwa watoto waliolazwa hospitali. Saa ya kwanza inagharimu dola moja ya mchango. Kila saa inayofuata inapanda kwa asilimia 7 juu ya iliyotangulia. Ni hesabu ya mkopo wa simu, ila hapa riba inamla anayeendesha. Siku nzima ya kwanza mnainunua kwa chini ya dola 60. Kufika saa ya mia moja jumla imepita dola 12,000. Kufika saa ya 160 imepita 700,000. Mwaka wa kwanza walikusanya zaidi ya dola 22,000 na walishangaa wenyewe. Miaka ya karibuni imewahi kupita milioni moja ndani ya mbio moja, na watu wanaendesha karibu wiki nzima kwa zamu, usiku na mchana, kila Novemba.

Zamu zina majina. Ya saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi inaitwa Zeta. Ndiyo zamu ya watu waliochoka, ambapo utani unapinda, ambapo mtu anaanza wimbo na hajui ameanzaje. Watazamaji wa kwao huihesabu kama zawadi ya wale wasiolala. Kwa saa za Novemba ile, Zeta ilianza Voi saa tano asubuhi na kwisha saa kumi na moja jioni. Kichaa chao cha usiku kinanifikia mimi jua likiwa utosini, mamangu akianika mahindi nje. Hii ndiyo sababu mjomba alikuta kile alichokikuta.

Alivuta kiti. Hakuelewa Kiingereza chote na hakujali. Baada ya dakika tano akasema, "Hilo linavuta kulia." Nikamwambia ndivyo lilivyotengenezwa. "Hapana, ni alaimenti. Wakaguze tairi za mbele." Baada ya dakika ishirini akauliza kwa nini haongezi mwendo, nikamwambia 72 ndiyo mwisho. Akakubali. Yake imefungwa kifaa cha 80. Akahesabu kwa vidole: Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, hawa masaa manane kwa 72 wanakwenda mbali kuliko yeye. Hilo lilimheshimisha dereva kidogo machoni pake. Akaiona ile karatasi ya manukato yenye umbo la mti inayoning'inia kwenye kioo na akasema hiyo hata mimi ninayo.

Nimesoma watu wakieleza kwamba Desert Bus inachekesha kwa sababu hakuna kinachotokea. Jaribu kumwambia hivyo mtu anayepita Mackinnon Road saa tisa usiku. Nyika ya Taru imenyooka vile vile. Ukitoka Voi kuelekea Maungu na kuendelea chini, kuna sehemu ambapo taa za lori la mbele ni kitu cha pekee kinachokuambia macho yako yako wazi. Ndovu anaweza kuwa barabarani au asiwepo, na ukimwona umeshachelewa. Abiria hamsini nyuma wamelala na vinywa wazi. Mjomba hakucheka basi tupu kama kitu cha upuuzi. Aliliona kama kazi, akauliza maswali ya kikazi. Kejeli ya Penn na Teller inahitaji mtazamaji ambaye hajawahi kulipwa kwa masaa hayo manane. Hapo ndipo nilipouona mpaka wa kundi hili ambalo nimelipenda sana: uchoshi wao ni wa kuchagua. Wameununua, wameupangia ratiba, wameuwekea biskuti.

Lakini hiyo ni nusu tu, na nikiishia hapo nitakuwa nimeandika makala ya uvivu. Kwa sababu kile kilichomkamata mjomba hakikuwa barabara. Kilikuwa chumba.

"Hao wote wanafanya nini hapo?"

Nyuma ya dereva kulikuwa na watu saba, wanane. Mmoja anasoma majina ya waliochangia. Wawili wanacheza densi ambayo mtu wa chati ameilipia. Mmoja amekaa tu karibu na dereva, goti kwa goti, anaongea naye. Nikamwambia hao kazi yao ni kumweka macho. Akiwa na njaa wanamlisha. Akianza kusinzia wanaimba.

"Wote hao kwa dereva mmoja?"

"Ndiyo."

"Mimi nina makanga mmoja. Na analala kabla ya Mtito."

Akanyamaza muda. Kisha akauliza, "Huyu akitoka barabarani inakuwaje?"

Nikamweleza. Basi linavutwa hadi linakotoka, saa kwa saa. Unaanza upya.

Alitazama skrini kwa muda mrefu bila kusema kitu, na watu wa Victoria waliendelea na wimbo wao. Halafu akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mwezi wa nane, mahali kati ya Maungu na Mackinnon, aliamshwa na kokoto. Tairi za kushoto zilikuwa nje. Hakujua alikuwa amelala kwa muda gani, sekunde mbili au kumi. Alirudisha basi barabarani, na hakuna abiria hata mmoja aliyeamka. Makanga hakuamka. Alifika Mombasa, akateremsha watu, wakamwambia asante dere. Hajamwambia mtu. Hajamwambia mamangu, na mimi nisimwambie.

Nimemuuliza kama naweza kuandika hili. Amesema niandike lakini nisitaje kampuni, na niseme tairi zilikuwa mpya.

Kwa hiyo sijui niwahukumu vipi. Mkosoaji ndani yangu anataka kusema kwamba kundi la vichekesho limechukua kazi ya mtu kama mjomba wangu na kuifanya mchezo. Lakini mtu mwenye kazi hiyo alikaa mbele yao masaa mawili, na hakuona dharau. Aliona jinsi kazi ingeweza kufanywa. Kejeli iliyotengenezwa ili ichoshe, wao waliitazama wakaona kwamba shida si barabara, shida ni kiti kimoja, wakaongeza viti. Kila kipindi kwenye ratiba yao ya wiki, hata zile strimu dhaifu, hata usiku wa kadi, kimejengwa kwa wazo hilo hilo: mtu asiachwe peke yake na skrini. Ninapowalaumu kwa dakika ambazo hazichekeshi huwa nasahau kwamba dakika hizo ndizo zilizonivusha mwaka mzima Voi. Sikuwa nahitaji kuchekeshwa kwa masaa matatu. Nilihitaji mtu awe macho.

Wanachokosa, na nadhani hawajui, ni kwamba kile chumba kina mlango mwembamba. Chati yao imejaa watu wanaojuana miaka kumi. Utani unarejelea utani. Siku moja niliandika kwamba natazama kutoka Voi, Kenya, na mtu mmoja akanijibu kwa ukarimu mkubwa akiniuliza kama huko ni mchana. Nikasema ndiyo. Akasema karibu. Chati ikateremka. Ni ukarimu wa kweli na haukuwa na mahali pa kukaa. Sijui kama ni kosa lao. Labda kila sebule iko hivyo. Kile kibanda chetu cha PS pia kilikuwa na utani ambao mtu wa Mwatate asingeuelewa, na Mwatate iko hapo tu.

Jioni ile mjomba alioga, akavaa shati la kazi, na kabla hajatoka kwenda kudandia gari la kumpeleka Mombasa kuchukua basi lake, akanipa flashi. "Niwekee kitu cha kusikiliza. Kirefu." Nikamuuliza anataka nini. "Chochote mtu anaongea. Na hao wa basi pia weka kidogo."

Nilimwekea sauti za filamu tano za DJ Afro, sauti tu bila picha, na saa moja ya Zeta niliyokuwa nimerekodi, ile yenye nyimbo. Alinipigia baada ya siku mbili kutoka stendi. Ile ya wazungu aliicheza kuanzia Mariakani. Alipofika Maungu, abiria wa siti ya mbele alimgonga bega akamwomba aitoe, inamletea usingizi. Akaweka DJ Afro. Kuanzia Voi hadi Mtito, alisema, nusu ya basi walikuwa macho wakibishana kama yule Mchina alistahili kufa.